Mtoto akijibu kombo, sikiliza kwanza: uzi wa saikolojia ya ukuaji wa mtoto, kutoka Lamu

#1 MwalimuWaWadogo

Asalaam aleikum wanabaraza.

Nafundisha chekechea hapa Amu, mji wa Lamu, mwaka wa kumi na moja huu. Kila muhula hakosekani mzazi wa kunivuta kando ya mlango na kuniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekopa pesa: "Mwalimu, huyu wangu yuko sawa kweli? Mbona wa jirani anajua na wangu hajui?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimefungua uzi nijibu kwa jumla, na wenye yao waongeze.

Nadharia zitakuja. Naanza na ukwaju.

Ramadhani iliyopita, magharibi imekaribia, niko jikoni namimina sharubati ya ukwaju. Mwanangu wa miaka minne na nusu kasimama ubavuni. Kufunga bado, lakini kwenye futari ndiye wa kwanza kukaa. Nikatia bilauri mbili zilizo sawa, nikamuuliza, "Ziko sawa?" Akainama mpaka macho yakawa usawa wa meza, akatazama hii, akatazama ile, akasema sawa. Basi nikaichukua moja nikaimimina yote kwenye gilasi ndefu nyembamba, zile za wageni. "Na sasa?"

"Hini nyingi." Kidole kwenye gilasi ndefu.

"Kwa nini?"

"Iko juu."

Nikairudisha kwenye bilauri yake. Sawa. Nikaimimina tena kwenye gilasi ndefu. Nyingi. Mara tatu, na hakuona lolote la ajabu. Dadake wa miaka tisa, mikono imejaa unga wa sambusa, akashindwa kuvumilia: "Mjinga wee! Ni ile ile! Umemwona mama akiongeza?" Mdogo akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu asiyeona vizuri. Nami nikacheka peke yangu, maana huyo dada alipokuwa wa minne nilimfanyia hivyo hivyo na jibu lake lilikuwa hilo hilo, neno kwa neno.

Jaribio hili si langu. Ni la Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1896. Hakuanza na watoto. Shahada yake ya udaktari ya 1918 ilikuwa ya konokono na jamaa zao. Baadaye akaenda Paris, akapewa kazi ambayo walimu wengi tungeikimbia: kuwapa watoto wa shule maswali ya kupima akili, kisha kuhesabu waliyopata na waliyokosa. Waliyopata hayakumshughulisha. Kilichomshika ni kwamba watoto wa rika moja walikosea kwa namna moja, kana kwamba walikaa kikao wakakubaliana. Kosa likirudiwa hivyo na watoto wasiojuana, bila shaka lina kanuni yake. Akaitafuta kanuni hiyo mpaka alipofariki 1980, na mengi ya mwanzo aliyapata nyumbani kwake, kwa kuwatazama wanawe watatu.

Chuo cha ualimu walitukaririsha hatua zake nne. Tangu kuzaliwa hadi miaka 2 mtoto anaujua ulimwengu kwa mdomo na mikono. Kati ya 2 na 7 ana maneno, ana michezo ya kuigiza, lakini akili yake inanaswa na kile kinachoonekana zaidi (ndipo alipo huyu wa ukwaju, kanaswa na urefu). Kati ya 7 na 11 anaweza kulirudisha jambo nyuma kichwani mwake, mradi ni jambo la kushikika. Kuanzia 11 hivi anaanza ya "ingekuwaje kama". Msiishike miaka hiyo kama ratiba ya meli. Ni kama kusi na kaskazi: miezi yake twaijua, siku yake haijui mtu.

Wenye wachanga nao wasikae bure. Mpe mtoto wa miezi mitano shada la funguo acheze, kisha lifunike kwa leso mbele ya macho yake. Wengi watageuka kutafuta kitu kingine, kama funguo hazikuwahi kuwepo. Mfanyie hivyo hivyo karibu na miezi minane au tisa, ataivuta leso. Piaget alisema hapo ndipo mtoto anapojua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. Waliokuja nyuma yake, hasa Renée Baillargeon miaka ya 1980, walipima kwa kuangalia mtoto anakodolea nini macho kwa muda mrefu, wakakuta hata wa miezi minne hushangaa kitu kikipotea kinyume cha kawaida. Huenda basi anajua mapema, ila mikono bado haijaweza kuifuata akili.

Ombi langu kwa wazazi ni dogo. Mtoto akikujibu kombo, kabla hujasema "hapana", muulize "umejuaje?" Nyamaza usikie. Nakwenda kusahihisha madaftari, nitarudi.

#2 KijanaWaShela

Mwalimu, heshima yako. Lakini hizi si saikolojia za Wazungu? Bibi yangu kalea kumi na mmoja, hakujua huyo Piaget ni mtu au ni samaki, na wote wamekuwa watu na akili zao. Mtoto wa Uswisi na mtoto wa Shela, wapi na wapi?

#3 MamaPacha

Mie nimefuata ukwaju. Sukari kiasi gani?

#4 MwalimuWaWadogo

@MamaPacha onja mpaka uso usikunjike.

@KijanaWaShela bibi yako ndiye hasa ninayemtaka kwenye uzi huu. Nakupa kisa.

Zamani wapimaji walikuja Afrika wakakuta watoto wetu wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Ulaya. Wapo waliosema ni damu. Miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Charles Super, akaenda kuishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis hapa hapa Kenya. Akapima. Kweli, walikaa na kutembea kiasi cha mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani. Ila kutambaa hawakuwa mbele hata kidogo. Ingekuwa damu, damu hiyo ingechaguaje kukaa ikaacha kutambaa? Akawauliza kina mama, nao wakamweleza wazi: kukaa na kutembea twafundisha. Mtoto anachimbiwa kishimo kifupi, anaketishwa ndani, anazungushiwa nguo mgongoni asianguke. Kutambaa hawakumfundisha.

Sasa niambie wewe hukuketishwa kwenye beseni, leso imeviringishwa kiunoni, bibi anakupigia makofi. Alichofanya bibi yako ndicho kilichompeleka Mmarekani Kokwet. Hakuhitaji Piaget kumwambia afanye, lakini alipoulizwa na mtu mwenye daftari, dunia nzima ikajifunza kwamba mwili wa mtoto husikiliza malezi.

Na hapa niwatoe wasiwasi wenye watoto "wavivu". Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wazima wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likatoa matokeo 2006. Kukaa bila kushikwa: kuanzia miezi 4 kasoro hadi 9 na kidogo. Kutembea peke yake: kuanzia miezi 8 hadi 17 na nusu. Hapo katikati wote ni wazima. Na watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Wengine walijiburuta kwa makalio, wengine waliinuka wakaenda zao. Mwenye wa miezi kumi na tatu ambaye bado anashikilia ukuta, kunywa chai yako.

#5 BintiMalindi

Shukran mwalimu. Mie niko Malindi, mtoto wangu ana miezi mitatu. Mavyaa wangu asema nisimbebe kila akilia, atazoea mikono na atanitawala. Nikimwacha alie, moyo waniuma. Nikimbeba, natazamwa. Nifanyeje?

#6 MwalimuWaWadogo

@BintiMalindi hongera ya uzazi dadangu.

Kwanza nikwambie ushauri huo haukuanzia kwa mavyaa wako. Mwaka 1928 bingwa wa Marekani, John B. Watson, aliwaandikia kina mama wasiwabusu wala kuwapakata watoto. Asubuhi wawape mkono, kama watu wa ofisini. Aliaminika sana. Kwa hiyo @KijanaWaShela, kwenye hili nipo nawe: si kila kilichoandikwa na bingwa ni elimu.

Aliyeigeuza habari hii alianzia jirani. Mary Ainsworth alifika Kampala 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi Makerere. Kuliko kukaa bure akaingia vijijini, akawa anazitembelea familia 26 zenye watoto wachanga, kila wiki mbili, saa mbili kila mara, anakaa tu na kutazama. Aliona kitu ambacho kila mama wa hapa amekiona bila kukipa jina: mtoto anatambaa mbali na mama kuchungulia dunia, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea, akitishika anarudi mbio. Mama ndiye bandari, na chombo chenye bandari ndicho kinachothubutu kwenda mbali.

Baadaye huko Baltimore, yeye na mwenzake Silvia Bell walihesabu vilio vya watoto mwaka mzima wa kwanza, wakachapisha 1972: waliojibiwa haraka miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi mwaka ulipokaribia kwisha. Wapo waliobishana na hesabu zao, na mimi sisemi kila kilio kikurushe kitandani. Lakini mtoto wa miezi mitatu hana hila ya kumtawala mtu. Hiyo akili bado hajaipata (nitaifikia tutakapozungumza habari ya uongo wa watoto).

Kuhusu mavyaa, usimpelekee Ainsworth, mtagombana. Mpelekee mtoto. Akilia, mwambie, "Mama, hebu nisaidie, kwako hunyamaza upesi." Mpe ampakate. Wiki haitakwisha atakuwa ndiye anayembeba zaidi yako.

#7 BintiMalindi

Hahaha mwalimu wewe ni mtu mbaya. Najaribu kesho.

#8 NahodhaMstaafu

Wanangu, mimi si msomi. Nimesoma mpaka hapo nikatamani kusema.

Babangu alinitia chomboni nina miaka sita. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufua maji kwa kopo, basi. Nikimuuliza habari ya tanga ananyamaza. Nilipokuwa naweza kufua maji bila kutazama mikono, akanipa kamba ya demani, ile ya kuongozea tanga, niishike, yeye nyuma yangu kaishika pia. Siku moja nikahisi kamba imekuwa nzito, nikageuka: kaachilia, anawasha sigara. Hakuniambia. Usukani akanipa maji yakiwa shwari, hapa hapa kati ya Amu na Manda, mkono wake juu ya wangu. Mlango wa Shela, kwenye mawimbi, hakunipa mpaka nilipoota ndevu.

Jambo jingine. Mjukuu wangu ana miaka mitano, akifunga fundo hujisemea: "Pitisha chini, zungusha, vuta." Mamake asema huyu ana shetani. Mwalimu, ni shetani?

#9 MwalimuWaWadogo

Shikamoo babu. Si shetani, na umenifundishia nusu ya somo.

Alikuwepo Mrusi, Lev Vygotsky, kazaliwa mwaka ule ule wa Piaget, 1896. Kifua kikuu kilimuua 1934, hata miaka thelathini na minane hakufika, na kwao vitabu vyake vikafungiwa kwa miaka mingi. Piaget alimwona mtoto kama mtafiti mdogo anayegundua mambo kwa kuyachezea peke yake. Vygotsky alisema: hapana, mtazameni na aliye karibu naye. Kuna analoweza mwenyewe, kuna asiloliweza kabisa, na hapo katikati kuna analoliweza akishikwa mkono. Mafunzo yote yamo katikati hapo. Chini yake mtoto anachoka, juu yake anaogopa. Babako alilijua pengo hilo kwa uzito wa kamba.

Na kujisemea, Vygotsky ndiye aliyekupa jibu. Mtoto anaanza kwa kuongozwa na sauti ya mkubwa: pitisha, zungusha, vuta. Kisha anaichukua sauti hiyo anajiongoza nayo kwa mdomo wake. Kisha inazama ndani, tunaiita kufikiri. Mjukuu wako yuko kituo cha pili. Atajisemea zaidi fundo likiwa gumu, mtazame utaona. Mwambieni mamake asimnyamazishe. Kumnyamazisha hapo ni kumnyang'anya mtu karatasi katikati ya hesabu.

Sigara lakini, babu.

#10 NahodhaMstaafu

Niliacha 1998.

#11 BabaWaMmoja

Naomba msaada wa kweli, si mzaha. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne. Ana maneno matatu tu: mama, mai, na jina la paka. Anaelewa akitaka, asipotaka hageuki hata umwite kwa nguvu. Shangazi zake wasema akatwe kamba ya chini ya ulimi. Wengine wasema ni lugha zimemchanganya, maana nyumbani ni Kiamu, mamake ni wa bara, televisheni ni Kiingereza. Kuna kituo tulikwenda, aliyetupokea hata hakumtazama mtoto, akasema wavulana huchelewa, rudini nyumbani.

#12 MwalimuWaWadogo

@BabaWaMmoja kakangu, hili nalijibu taratibu.

Lugha tuziondoe kwanza. Lugha mbili au tatu hazimchelewishi mtoto kiasi hicho. Anaweza kuchanganya maneno, na ukihesabu ya lugha moja utayaona machache, ndiyo maana huhesabiwa ya lugha zote pamoja. Watoto wa hapa Kiamu cha nyumbani, Kiswahili cha shule na Kiarabu cha chuoni (madrasa) vimekuwa vikiingia masikioni mwao vizazi na vizazi.

Tena sikio la mchanga ni ajabu. Mnajua Kiamu kina t mbili, moja ulimi unagusa meno, nyingine unagusa ufizi. Mgeni hata akae miaka ishirini zitampiga chenga. Kihindi nacho kina t zake za aina hiyo, na mwaka 1984 Janet Werker na mwenzake Richard Tees walichapisha walichokiona Kanada: watoto wa miezi 6 hadi 8 waliozaliwa kwenye nyumba za Kiingereza walizitenganisha zile t za Kihindi bila shida. Walipofika miezi 10 hadi 12 wengi hawakuweza tena. Sikio lilikuwa limeshachagua kwao. Kwa hiyo mtoto hachanganywi na lugha, anazichambua kabla hata hajatamka neno.

Sasa lako. Zipo alama ambazo hazisubiriwi: mtoto wa mwaka asiyebwabwaja wala kuonyesha kwa kidole, wa miezi 16 asiye na neno hata moja, wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe, na yeyote, wa umri wowote, aliyekuwa anasema akaacha. Wako ameipita miwili bila kuunganisha. Hilo latosha kutafuta mtu wa kumtazama, na "wavulana huchelewa" si kipimo.

Umeandika kitu nimekisoma mara tatu: "hageuki hata umwite kwa nguvu." Anza na masikio. Maji yakikaa nyuma ya ngoma ya sikio, na kwa watoto ni jambo la kawaida, mtoto husikia kama aliyezamia. Siku moja anasikia, siku moja hasikii, watu wakadhani ni jeuri. Uliza hospitali ya kaunti wanapimia wapi masikio ya mtoto mdogo. Ulimi usiukate kwa ushauri wa shangazi; wenye kamba fupi ya ulimi huongea, matamshi ndiyo hupinda. Masikio yakiwa mazima bado usiridhike, omba atazamwe kwa jumla, jinsi anavyocheza, kama anakutazama usoni, kama anakuletea kitu ukione.

Tuandikie utakapopata jibu.

#13 MamaPacha

Nimerudi, leo si kwa ukwaju. Pacha wangu wana miaka minne. Mmoja mpole kama maji ya mtungini, mwenziwe ni kaskazi yenye hasira. Tumbo moja, ziwa moja. Na huyo wa hasira ameanza uongo. Jana kala mahamri ya wageni, namkuta sukari mdomoni, "Ni paka." Nusura nimtandike.

#14 MwalimuWaWadogo

Tabia ya kuzaliwa ipo. Alexander Thomas na Stella Chess, mume na mke, walianza New York 1956 kufuatilia watoto tangu uchanga, wakaona kama 40 katika 100 ni wepesi, 10 ni wagumu, 15 ni wa kuchelewa kuzoea, waliobaki mchanganyiko. Kila mmoja na kipimo chake, mpole naye usimsahau kwa sababu hakusumbui.

Uongo ndio mtamu. Umecheza kibe na wa miaka mitatu? Anajificha nyuma ya mlango miguu yote nje, ukimuuliza "uko wapi?" anajibu "niko hapa!" Kwake yeye, akijualo linajulikana na wote. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner waliwapa watoto hadithi ya mvulana aliyeweka chokoleti kabatini akatoka, mamake akaihamisha. Akirudi ataitafuta wapi? Wa miaka mitatu wengi husema pale ilipo sasa. Wa minne na mitano huanza kusema pale alipoiacha, maana yeye hajui. Fanya na mahamri: weka moja kwenye sufuria mbele ya pacha wote, mmoja atoke, lihamishe kapuni, umuulize aliyebaki.

Ili mtu akudanganye lazima kwanza ajue kwamba kichwani mwako kunaweza kuwa na jambo tofauti na lililo kichwani mwake. Huyo wa "ni paka" amevuka mlango mkubwa wa akili, ingawa hajajua sukari iko mdomoni. Mfundishe ukweli, naam. Fimbo itamfundisha kupangusa mdomo.

#15 KijanaWaShela

Mwalimu, nimejaribu kwa mpwa wangu ili nikukosoe. Miaka mitano. Sikuwa na ukwaju, nikapanga tende sita na tende sita, safu mbili sawa. "Sawa?" Sawa. Nikaitawanya safu moja ikawa ndefu. "Sasa?" Akanitazama usoni kwanza, si tende. Akasema hizi nyingi. Lakini mimi nilivyomwona, alijua. Alinitazama kama tulivyokuwa tukimtazama mwalimu wa chuo akiuliza swali mara ya pili.

#16 MwalimuWaWadogo

@KijanaWaShela umekosoa kweli, na umewakuta wenzako. Mwaka 1974 huko Uskochi, James McGarrigle na Margaret Donaldson waliwaza hivyo hivyo. Mkubwa akikuuliza jambo, ukajibu, akagusa kitu, akauliza tena lile lile, mtoto mwenye adabu hufikiri jibu la kwanza lilikuwa baya. Basi wakaleta dubu wa kuchezea, mtundu, akatoka sandukuni akavuruga safu kwa bahati mbaya. Mtafiti akalalamika, kisha akauliza. Watoto wengi zaidi, wa miaka minne hadi sita, wakajibu sawasawa.

Piaget hakuanguka kwa hilo, kwa ukwaju mwanangu alikuwa na yakini yake. Lakini sehemu ya "ujinga" wa mtoto ni sisi tunaouliza. Mimi tangu nilisome hilo, darasani siulizi swali mara mbili bila kusema kwa nini. Jaribu tena, ila safu asivuruge mtu mkubwa.

#17 BabaWaMmoja

Nimerudi na jibu. Maji masikioni, yote mawili. Wamempa dawa na tarehe ya kurudi, na wametuambia yasipokauka kuna njia nyingine. Mtu wa matamshi pia tumeandikiwa. Mamake analia, mimi nakumbuka mara ngapi nilimwita kiburi. Shukran mwalimu, shukran wote.

#18 KijanaWaShela

Allah amponye @BabaWaMmoja.

Mwalimu, nimejaribu. Dubu sina, nimevaa soksi mkononi nikaichora masharubu, paka wa Amu. Tende sita, tende sita, "sawa?" Sawa. Paka akaruka akazisambaza, nikamfokea "toka wewe!" na mtoto akamfokea pia. Nikauliza, "Haya, sasa zikoje?"

Akasema, "Sawa tu. Paka hali tende."